Mashine ya kupumulia usiku haipatikani hapa: kabla hujamtumia shemeji hela

Jamani karibuni, mliosimama nyuma viti bado vipo huku mbele. Leo naongelea CPAP, ile mashine inayosukuma hewa puani usiku kucha ili koo lisijifunge, maana watu wananipigia kila mara, daktari kaniandikia modeli fulani nimezunguka Dar nzima sijaiona, nina shemeji Houston, anunue?

Swali langu la kwanza ni moja, umepimwa? Kipimo cha usingizi kinahesabu kwa saa moja pumzi inakatika au kupungua mara ngapi, kuanzia 5 tayari ni ugonjwa, 30 kwenda juu ni hali mbaya. Pia kinasema kama ni koo linaziba au ni ubongo hautumi amri ya kupumua, na hapo ndo penye hatari kabisa, sababu hizi mashine kwa nje zinafanana sana. Kuna moja inaitwa ASV, mwaka 2015 utafiti ulionyesha wagonjwa wa tatizo hilo la ubongo ambao moyo wao pia umedhoofika kusukuma damu, waliowekewa ASV walikufa kwa moyo zaidi kuliko wasiowekewa. Sasa wewe mwambie shemeji akuletee "mashine ya kukoroma" uone atabeba nini.

Marekani kwenyewe haiuzwi bila cheti cha daktari, kwahiyo cheti kitangulie, kiandikwe aina ya mashine na presha ya hewa. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba hapa Tanzania, nao waulizeni kabla mzigo haujaondoka, sio ukishakwama.

Mitumba naomba mnisikilize vizuri. Juni 2021 Philips walitangaza kurudisha mamilioni ya mashine zao, zikiwemo DreamStation za mwanzo, kwasababu sponji ya kupunguza kelele iliyo ndani ilikuwa inamomonyoka chembe nyeusi na mgonjwa anazivuta. Ukiletewa picha ya mashine ya bei poa, omba picha ya chini yake penye namba ya mashine, ikaguliwe kwanza kama si mojawapo ya hizo. Na adapta igeuzwe isomwe, iwe imeandikwa 100-240V, ikiwa ni 120 peke yake kwa umeme wetu wa 230 inaungua siku hiyohiyo.

Halafu maski, hapa ndo wengi wanakwama. Angalieni hii niliyoshika, huu ukingo wa mpira ukibonyeza unabaki umelala haurudi, umeshalegea, usiku hewa inavujia machoni, mtu anaamka macho mekundu anasema mashine mbovu anaifungia kabatini, wakati mashine ni nzima kabisa! Agiza mipira ya akiba na filta pamoja na mashine. Mdomo wa bomba kwa mashine nyingi ni milimita 22, kwahiyo maski ya kampuni nyingine mara nyingi inaingia.

Anayesafiri nayo aibebe mkononi, na kitanki cha maji, kile cha kuipa hewa unyevu, kimwagwe kikauke kabla.

Mama pale umeuliza umeme ukikatika. Soma tena adapta, upande wa kutoa, nyingine ni volti 12 nyingine 24, betri lazima ilingane na hiyo. Ukiwa kwenye betri zima kipasha joto cha kitanki, kinakula chaji sana. Waliokuja na adapta zao wazilete hapa mezani tuzisome moja moja.