Fulu wa Harusi

WAFULA: Haya, hamjambo nyote, tumerudi. Mkisikia sauti imekwaruza, ni uchovu wa wiki hii. Achieng' hapa, Nyar Dunga, binti wa ufuo wa Dunga, anajua kisa.

ACHIENG': Najua, maana na mimi sikulala. Baba yangu pia hakulala, na ana miaka sabini na minne.

WAFULA: Wiki iliyopita tuliwaahidi chumba cha samaki wa baharini nyumbani, kama changu hapa Kisumu: mambo sita ya kupanga kabla hujanunua tangi lolote la kioo. Nimeyaandika hapa. Lakini Jumanne usiku stima zilipotea, na siwezi kuanzia kwingine.

ACHIENG': Anza, Baba Nekesa.

WAFULA: Saa tatu kasoro. Watoto wamekula, Mama Nekesa anakunja nguo. Mtaa wetu wa Migosi wote giza. Sikushtuka, kwa sababu nina ile pampu ya hewa ya betri, nimeiweka juu ya kabati kwa kazi hiyo hiyo. Naiwasha, inanguruma kidogo, kimya. Kufungua, betri zimevuja. Zilikuwa mle ndani tangu Krismasi.

ACHIENG': Na maduka yamefungwa.

WAFULA: Kioski cha pale kona kina betri za rimoti tu. Sasa msikilizaji, elewa hapa. Stima zikipotea Kisumu, samaki wa baharini hafi kwa baridi, wala hafi kwa giza. Anakufa kwa kukosa hewa. Hewa huingilia pale juu, kwenye uso wa maji, na pampu ndizo zinazouvuruga ule uso. Maji yakitulia kama chai kikombeni, hewa iliyomo inavutwa mpaka inakwisha. Tena maji ya chumvi hubeba hewa pungufu kuliko maji ya ziwa yenye joto lile lile, pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano. Halafu sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yenyewe ya huku ni nyepesi.

ACHIENG': Yaani samaki wa Mombasa umempandisha mlima, kisha ukamziba pua.

WAFULA: Ilipofika saa tano, yule jike mkubwa wa klaunifishi, samaki wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, alikuwa juu kabisa kwenye kona, mdomo unagusa uso wa maji, mashavu yanapiga haraka haraka. Matumbawe laini yalikuwa yamejikunja yote kama ngumi ya mtoto aliyeficha shilingi. Ndipo nikakupigia.

ACHIENG': Na mimi nikamwambia baba. Nilidhani atasema tulale. Akavaa koti, akachukua jagi la plastiki jikoni kwangu, akatangulia mlangoni.

WAFULA: Mzee aliingia, akamulika kioo kwa tochi ya simu, akasema, "Haya maji yanataka kumwagwa." Basi. Akavuta kiti, akakunja mkono wa koti, akachota jagi zima, akainua mkono mpaka juu ya kichwa, akamwaga. Akachota tena. Hakuharakisha. Maji yalikuwa yanaanguka kwa mdundo mmoja, povu linaingia ndani mpaka kwenye mawe.

ACHIENG': Baba alivua mbuta, yaani sangara, kwa kamba ya ndoana, na chambo chao kilikuwa samaki wadogo walio hai. Wanawaweka kwenye karai ndani ya mtumbwi, na usiku kucha mtu mmoja kazi yake ni kuchota na kumwaga. Chambo kikifa, safari imeharibika. Mkono wake unaijua kazi hiyo.

WAFULA: Tulipokezana mpaka alfajiri. Na kama saa saba hivi, Mzee yuko zamu, akaniuliza, kwa upole kabisa, "Baba Nekesa, hawa fulu mmewapaka rangi gani?" Fulu ni wale samaki wadogo wa ziwa letu.

ACHIENG': [anacheka] Aki, baba.

WAFULA: Nikamwambia, Mzee, hawa si fulu, ni samaki wa baharini. Akainama, akawatazama kwa muda. Akasema, "Basi ni fulu wa harusi."

ACHIENG': Na wale kamba wasafishaji, wenye mstari mweupe mgongoni?

WAFULA: "Ochong'a wa harusi." Ochong'a ni wale kamba wadogo wa ziwani.

ACHIENG': Na konokono?

WAFULA: Konokono hakuwapa jina. Alisema hao hata Dunga wapo. [wote wanacheka] Lakini Nekesa ameshika hilo neno. Jana natia chumvi kwenye mtungi wa lita ishirini, gramu mia saba kama kawaida, ananiuliza, "Baba, hii ni chumvi ya harusi?"

ACHIENG': Waliopona ni wangapi?

WAFULA: Wote, isipokuwa kamba mmoja. Saa kumi na mbili na robo stima zikarudi, na kufikia saa nne asubuhi matumbawe yamefunguka. Sasa, jambo la kwanza kwenye orodha yangu ndilo hilo: kabla ya kioo, kabla ya taa, nunua njia ya kutia hewa stima zikipotea. Pampu ya betri, au inveta ndogo na betri ya gari. Na betri zikae nje ya pampu, kwenye pakiti yake.

ACHIENG': Na jagi.

WAFULA: Na jagi, kweli. Jambo la pili ni sakafu. Lita moja ya maji ya bahari ni zaidi kidogo ya kilo. Tangi la lita 300, ukiongeza kioo, mawe na meza ya chuma, umepita kilo 400, na zote zimesimama mahali padogo kuliko kitanda. Kama unakaa ghorofani, ongea na fundi anayejua nyumba ilivyojengwa, na ongea na mwenye nyumba. Mimi niko chini, kwenye stoo ya zamani. Simiti yake ilikuwa imeinamia mlango, nikamwita fundi aipige upya iinamie kwenye bomba la maji machafu. Kwa sababu maji yatamwagika. Siku moja yatamwagika.

ACHIENG': Jambo la tatu?

WAFULA: Jambo la tatu ni joto na unyevu. Kisumu mchana unafika nyuzi 29, 30. Matumbawe yanataka 25, 26. Mimi napuliza feni juu ya maji, yanapoa kwa nyuzi mbili tatu, lakini kila siku lita kadhaa zinapanda hewani. Chumvi haipandi, inabaki. Kwa hiyo unarudishia maji yasiyo na chumvi, na yawe yaliyochujwa, si ya mfereji moja kwa moja. Na ule mvuke usipotoka nje, ukuta unaota ukungu...

ACHIENG': Ngoja hapo, Baba Nekesa. Tangu Jumanne nina neno.

WAFULA: Sema.

ACHIENG': Baba aliporudi nyumbani asubuhi ile hakulala. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni akaanza kunitajia fulu. Fulu wa mawe, fulu wa tope, yule mwenye tumbo jekundu, yule wa buluu mwenye mapezi yenye madoa. Anawajua kwa maumbo na kwa mahali walipokaa. Mimi nilipokuwa mdogo pale Dunga tulikuwa tunawanasa kwa kipande cha chandarua, tunawatia kwenye kopo la maziwa. Dume ukimwinua juani, ana rangi kuliko klaunifishi wako, naapa. Sasa nikawa namsikiliza, naona wengi aliowataja sijawahi kuwaona mimi. Ziwa hili la Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za fulu. Mbuta waliletwa miaka ya 1950, miaka ya 1980 wakajaa, wakawala fulu, na inakadiriwa aina kama 200 zimepotea. Kuna mmoja wa upande wa Mwanza amepewa jina la Mwalimu Nyerere, mgongo mwekundu kama kaa la moto, na jina lake la kwanza la kisayansi ni Pundamilia. Kiswahili kitupu! Watu Ulaya wanamfuga sebuleni.

WAFULA: Hilo nalijua.

ACHIENG': Basi swali langu. Stoo ni ile ile, stima ni zile zile, fundi umeshamlipa. Kwa nini isiwe chumba cha fulu? Maji yako pale chini ya barabara. Hununui chumvi ya ndoo inayovuka bahari.

WAFULA: Kwa sababu Nekesa ana miaka tisa na hajaona bahari. Kutoka hapa mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 800. Siku niliyomwonyesha tumbawe likila, likinyoosha vidole likashika chembe ya chakula, alielewa kwamba lile ni mnyama, si ua. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka yakafa kwa sababu ya joto. Mtoto wa Migosi anayelijua tumbawe kwa macho yake atajali habari hiyo akiisikia.

ACHIENG': Nakubali anajua tumbawe. Je, anamjua fulu?

WAFULA: [kimya] Anamjua kwa sahani.

ACHIENG': Kwa sahani tena ni bahati. Siku hizi ni omena.

WAFULA: Lakini nikuambie kwa nini sikubali. Kufuga fulu kwenye stoo si kuwaokoa. Ukitia aina tatu kwenye kioo kimoja, jike asiyempata wa kwake atazaa na yeyote, unapata machotara. Hata ziwani kwenyewe imetokea: maji yalipochafuka, majike wakawa hawaoni rangi za madume vizuri, aina zikaanza kuchanganyika.

ACHIENG': Aina moja, tangi moja.

WAFULA: Dume mmoja na majike wanne, kizazi cha tatu wote ni ndugu. Halafu jirani yako anahama, anawahurumia, anawamwaga ziwani. Kazi ya namna hiyo inataka kumbukumbu, inataka mtu anayeandika kila samaki alitoka wapi. Mimi ni mtu wa stoo.

ACHIENG': Na matumbawe yako yanaokoa nini baharini?

WAFULA: Sikusema yanaokoa. Na sikuyang'oa baharini. Ni vipande alivyokuza mfugaji wa Nairobi kwenye tangi lake.

ACHIENG': Basi tuko sawa, hakuna anayeokoa. Lakini mimi nikipoteza tangi la fulu, nimepoteza kitu cha nyumbani, na nitajua nimepoteza nini. Angalia Ziwa Kanyaboli kule Siaya. Ngege wa asili, yule tilapia wetu wa zamani, bado yupo pale kwa sababu kinamasi cha Yala kimemkinga, mbuta hawakufika. Kidimbwi kidogo kimehifadhi kile ambacho ziwa kubwa limepoteza. Udogo si hoja.

WAFULA: Kanyaboli si kioo, Achieng'. Kanyaboli ni ziwa, lina mafunzi... samahani, mafunjo, lina wadudu, lina misimu yake. Huwezi kuliweka stoo.

ACHIENG': Wala miamba ya Watamu kule pwani huwezi kuiweka stoo, na umejaribu.

WAFULA: Sikubali.

ACHIENG': Na mimi sikubali. Nimeona mzee wa miaka sabini na minne akimwagia maji samaki asiowajua usiku kucha, kwa heshima ile, na nikawaza, wale anaowajua nani anawamwagia?

WAFULA: Hapo umenigusa, sitakuficha. Lakini tangi langu silibadilishi.

ACHIENG': Sikukuomba ulivunje. Nimekuomba nusu ya chumba.

WAFULA: Nusu ya chumba imeshapangwa mapipa ya kuchanganyia chumvi.

ACHIENG': Mapipa yanaweza kupandishwa juu ya kila mmoja.

WAFULA: Pipa la lita 200 lenye maji? Hapana, dada.

ACHIENG': Basi ukuta wa dirishani.

WAFULA: Ukuta wa dirishani una jua la mchana, maji yatakuwa ya kijani ndani ya wiki.

ACHIENG': Fulu wanakula huo ukijani! Wapo wanaokwangua mawe maisha yao yote!

WAFULA: [anacheka] Tunazunguka pale pale, na saa... Ngoja. Saa ngapi?

ACHIENG': Saa tisa na dakika ishirini na tano. Shule wanatoka saa tisa na nusu.

WAFULA: Na bado sijasema soketi, sijasema beseni la kuoshea, sijasema kusubiri wiki nne mpaka sita kabla ya kutia samaki. Nusu ya orodha imebaki.

ACHIENG': Soketi sema tu, maana hiyo inaua watu.

WAFULA: Soketi juu ya kimo cha maji, na waya ushuke chini kwanza kabla haujapanda kuingia soketini, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisifuate waya. Hayo mengine siwezi kuyasema kwa dakika tano.

ACHIENG': Simu inalia. Ni baba.

WAFULA: Weka spika.

ACHIENG': Ameshakata. Ametuma ujumbe. Anauliza wale fulu wa harusi wamekula leo, na aje na jagi au asije nalo.