Vishipa vya buibui: usikimbilie sindano kabla hujapimwa

Haya jamani, wenye krimu kwenye mikoba wanisikilize, hili nimelisema sana na nitalisema tena: hakuna krimu inayofuta vishipa vya buibui, vile vishipa vyembamba vyekundu au vya bluu vinavyoonekana kwenye ngozi kama utando wa buibui. Kishipa kiko ndani ya ngozi, kimeshatanuka, wewe unapaka juu. Vidonge navyo havikifuti.

Ila kinachonikera zaidi ni hiki. Mtu anaenda kliniki, anaonyesha paja, siku hiyohiyo anachomwa sindano, hakuna aliyemuuliza kama miguu inakuwa mizito jioni, hakuna aliyemwangalia kifundo, analipa anaondoka, baada ya muda vinamtoka vingine palepale pembeni halafu anaambiwa dawa haikumkubali. Dawa haina kosa! Damu ya miguuni inapanda kwenda moyoni, ndani ya mshipa kuna vali zinazoizuia isirudi, sasa vali zikilegea damu inarudi chini, presha ndani ya mshipa inapanda, na vile vidogo vyenye upana usiofika milimita 1 ndio vinavyotanuka. Umefuta vidogo, mkubwa unaovilisha umeuacha, unategemea nini?

Kwa hiyo mwenye miguu mizito, kifundo kinachovimba au ngozi inayogeuka kahawia karibu na kifundo, adai ultrasaundi kwanza. Unasimama, daktari anakuminya shavu la mguu anaachia, anaangalia kwenye skrini kama damu inarudi chini kwa zaidi ya nusu sekunde. Hakuna sindano, hakuna maumivu. Utaniambia wewe huumwi popote, unataka urembo tu. Sawa kabisa, vingi havina madhara na kutaka miguu mizuri si dhambi, vikiwa vichache na huna dalili daktari anaweza kutosheka na kukuangalia tu, lakini akuangalie basi!

Tiba yenyewe kwa miguuni, ya kwanza ni sindano, skleroterapi. Sindano nyembamba sana, dawa kama polidokanoli, ikiingia unakiona kishipa kinapauka hapohapo, halafu ngozi inakuwa nyekundu na kuwasha kidogo. Dawa inaunguza ukuta wa ndani, kishipa kinajifunga, mwili unakimeza taratibu, wiki 3 mpaka 6 hivi, na mara nyingi utarudia zaidi ya mara moja. Soksi za kubana uvae kama ulivyoelekezwa. Alama za kahawia zinaweza kubaki miezi kadhaa, na huyo anayekuchoma akuambie kabla, si baada.

Leza, yaani kutibu kwa mwanga mkali, nafupisha maana muda umekwisha: usoni inafaa sana, miguuni sindano kwa kawaida ndiyo inatangulia. Wenye ngozi nyeusi ulizeni ni leza gani, ile yenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1064 ni salama zaidi kwetu, nyingine rangi ya ngozi inaunyonya mwanga, unaungua. Mjamzito asubiri, vingi hupungua vyenyewe baada ya kujifungua.

Haya dada wa kule nyuma, mkono uko juu muda mrefu, uliza.