Karatasi Zisizo na Mwenyewe Kwenye Printa ya Koridoni

DADA: Karibuni tena, tuko hapa Moshi, mlima umetoka mweupe toka alfajiri. Mimi katibu muhtasi wenu, na fundi wetu wa printa yupo.

FUNDI: Shikamoo dada.

DADA: Marahaba. Sasa nianze na kilichonikuta juzi pale Mbuyuni, nimenunua maandazi, nafungua nakuta yamefungwa na karatasi ya matokeo ya chuo, majina, namba za usajili, maksi, imeprintiwa upande mmoja. Chuo sikitaji. Ila iliniuma, maana kuna mtoto pale ana 38, na mama yake anaweza kuja kununua andazi hapo hapo.

FUNDI: Aisee! Mi nakwambia ilivyotokea. Mtu kaketi mezani kwake katuma kazi printa ya koridoni, karatasi zimeisha kwenye trei, yeye hajui, akatuma tena, akatuma tena, mwisho akaenda kuprinti kwa jirani. Baadae mwingine anaweka rimu mpya, mashine inatema nakala zote tatu na mwenyewe kashaondoka, zinalala pale mpaka msafishaji azibebe.

DADA: Ndo ninachokiona kila siku yaani, na kila mtu anasema sio zangu.

FUNDI: Kwa hiyo dawa ni printa imsubiri mtu. Unatuma kazi inakaa kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya ofisi, haitoki mpaka ufike ugonge kitambulisho au uweke namba ya siri, usipofika inajifuta. Kuna programu ya kazi hiyo kama PaperCut, ya Waaustralia, vyuo vingi tu wanatumia, lakini hata kabla ya kununua kitu angalia kwenye draiva, ile programu ya kompyuta inayoendesha printa, printa nyingi kubwa za ofisi zina sehemu ya kuweka namba ya siri, ipo tu hakuna aliyeigusa.

DADA: Mabosi watakwambia wanataka printa yao mezani.

FUNDI: Na hapo ndo hela inapoishia dada. Printa ndogo dukani bei poa, ila katriji yake, kile kikopo cha wino, inatoa kurasa chache, kila ukurasa unakuja ghali. Afu ofisi kumi zina printa za aina tano, katriji haziingiliani, stoo imejaa toneri, ule wino wa unga, za mashine zilizokufa. Na umeme je? Printa ya lesa inayeyusha ule unga kwa joto la kama nyuzi 200, ndo panapokula umeme, sasa piga mara kumi. Bora moja imara, na ikae usingizini isipotumika.

DADA: Mitihani hapana fundi. Siwezi kuprinti mtihani koridoni hata kwa namba ya siri.

FUNDI: Hapo nakubali kabisa, ofisi ya mitihani ibaki na yake, kwenye chumba kinachofungwa.

DADA: Na kuprinti pande mbili za karatasi? Tumebandika matangazo ukutani mpaka gundi imeisha.

FUNDI: Tangazo halisaidii, seti kwenye seva pande mbili iwe ndo kawaida, anayetaka mmoja abadilishe mwenyewe. Hebu ona, karatasi moja ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5, rimu moja kilo 2.5. Kablasha la kikao kurasa 120, wajumbe 30, hizo ni karatasi 3,600, kilo 18 kwa kikao kimoja! Pande mbili zinabaki kilo 9. Na Dodoma wabunge wanasomea kwenye vishikwambi, sisi tunashindwaje?

DADA: Nimesikia pia habari za fonti, yaani aina ya herufi, kwamba zinaokoa wino.

FUNDI: Kweli, chuo cha Wisconsin kule Green Bay, Marekani, mwaka 2010 walitoka Arial wakaenda Century Gothic, inatumia wino pungufu kama asilimia 30. Ila herufi zake pana, barua ya ukurasa mmoja inaweza kumwagikia wa pili, kwa hiyo jaribu kwanza. Mi naona toneri inapotea zaidi pale mashine ikisema imebaki kidogo mtu anatupa. Usitupe! Itoe, itikise taratibu kushoto kulia, irudishe, utaprinti kurasa nyingi bado. Unga ukidondokea nguo kung'uta kwanza, afu maji baridi, ya moto yanaugandisha kwenye kitambaa.

DADA: Mi kesho saa mbili kamili naenda kwa mtu wa TEHAMA na namba ya ile mashine ya koridoni mkononi, siondoki mpaka iwekwe namba ya siri.