Kwa Nini Wavutaji wa Cork Wanasimama Mvuani

Haya wapendwa, wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Ngoja nigeuze kamera. Mnawaona wale watatu mlangoni mwa baa, wamejikunyata chini ya turubai na mvua inanyesha? Wana sigara mkononi. Ndani kuna joto, kuna viti, kuna mpira kwenye runinga, lakini sigara haiingii. Aliyewatoa nje ni mtoto wa hapa hapa Cork, mji wa Ireland, mwanasiasa Micheál Martin.

Baba yake alikuwa bondia na dereva wa basi. Yeye akasomea historia, akafundisha sekondari kidogo, kisha 1989 akaingia bungeni, na hajatoka mpaka leo. Elimu amekuwa waziri, Biashara amekuwa, Mambo ya Nje pia. Ila mimi mnikalishe hapa kwenye Afya, kuanzia mwaka 2000 hadi 2004.

Aliposema sigara ipigwe marufuku kazini, baa zikiwemo, wenye baa walikuja juu. Baa ya Ireland ndiyo sebule ya mtaa, walisema utaua biashara. Hata ndani ya chama chake, Fianna Fáil, wapo waliomtaka alegeze. Sheria ilikuwa ianze Januari 2004, ikasogezwa, lakini 29 Machi ikaanza. Ireland ikawa nchi ya kwanza duniani kuzuia sigara kazini kote nchini, mpaka kwenye baa na migahawa.

Sasa sikilizeni hoja yake, maana ndiyo iliyonigusa. Hakusema mvutaji ni mtu mbaya. Alisema yule anayehudumu pale baa ni mfanyakazi, na mapafu yake ni mali yake. Mteja anakaa saa mbili anaondoka, mhudumu anaumeza ule moshi usiku kucha, kila siku.

Mimi nimehudumu baa Tanga kabla sijaja huku. Nilikuwa nikirudi nyumbani alfajiri, mama ananiambia vua hiyo nguo uani, usiingie nayo ndani. Kikohozi nilikizoea nikadhani ndio mwili wangu ulivyo. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ile ni hatari ya kazi, kama mashine isiyo na kinga. Siku niliyoisoma sheria hii nililia, jamani, sisemi uongo.

Baada ya hapo siasa ilimchapa. 2011 alikabidhiwa chama nchi ikiwa imefilisika, uchaguzi ukaja, wakatoka na viti 20 tu. Watu wakasema kwisha habari yake. Akakaa upinzani miaka tisa anajenga upya, na 2020 akawa waziri mkuu, wenyewe wanaita Taoiseach, tamka "tiishakhi". Aliungana na chama cha Fine Gael, mahasimu wao tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe miaka ya 1920. Walikubaliana kupokezana, na Desemba 2022 akampisha Leo Varadkar wa Fine Gael kweli, akabaki naibu. Januari 2025 akarudi kwenye kiti kile kile.

Hayo ya vyeo wengine watawasimulia vizuri kuniliko. Mimi naingia zamu sasa hivi, jikoni humu humu, na nikitoka saa sita usiku nguo zangu zitanuka samaki na viazi tu. Dada yangu unayehudumu baa huko nyumbani, niandikie hapo chini: kwenu wanavutia ndani au nje?