Usiku wa kufunika bustani: vuli nyumbani kwa mama mkwe wangu Mlao

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo. Karibuni tena uani kwetu, hapa Brooklyn Park, Minnesota. Simu nimeiegemeza kwenye ndoo ya pilipili, mkiona picha inatikisika mjue kuna mtoto amepita mbio. Leo sitakaa nanyi sana. Jua linazama kabla ya saa moja, na utabiri unasema usiku huu tunashuka hadi digrii moja chini ya sifuri. Ndugu zangu wa Makete mnaijua jalidi: umande unaganda juu ya majani, asubuhi ukifika shambani viazi vimeungua kama vimepitiwa na moto. Ndiyo hiyo inakuja kwetu leo.

Kwetu Tanga ukitaja vuli watu wanafikiria mvua, wanatafuta mbegu. Huku vuli ndiyo kufunga shamba. Ule mti mwekundu nyuma yangu ni mepo. Wiki tatu zilizopita ulikuwa kijani kitupu.

Wengi mmeniuliza, mko Marekani, maduka yamejaa, mnalima ya nini? Nimeona nisiwajibu kwa maneno matupu, nije niwaonyeshe.

Yule pale aliyeinama ni mama mkwe wangu, Mlao, yaani mtu wa nchi ya Laos, kule kusini-mashariki mwa Asia. Amevaa sinh, ile sketi ya kujifunga ya Kilao, na juu yake kanga niliyomletea mwaka juzi. Sasa njooni karibu na hiki kichaka. Si mnakiona? Mchaichai! Ule ule wa kwa bibi yangu Pongwe, uliokuwa ukiota pembeni ya bomba. Wao wanauita hua singkhai.

Siku naletwa kutambulishwa nyumba hii, miaka 11 iliyopita, Kilao changu kilikuwa neno moja tu, sabaidee, ndiyo salamu yao. Mama naye Kiingereza kilikuwa kidogo. Tulikaa sebuleni tunatazamana, kimya. Halafu akanishika mkono akanileta huku nyuma, akavunja jani, akalisokota kwenye vidole, akaniletea puani. Nikasema "mchaichai" kwa sauti, na machozi yakanijaa. Akarudia taratibu: "Mchai-chai." Toka siku hiyo ananiita luk, maana yake mwanangu, na mimi namwita Mae, yaani Mama.

Mchaichai hauvumilii jalidi. Kwa hiyo tazameni anavyofanya: anazungushia jembe mbali kidogo na shina, anaung'oa na udongo wake, anapunguza majani yabaki kama shubiri moja. Kisha anaupasua shina kwa mikono, vipande vitatu au vinne, kila kipande na mizizi yake, anapanda kwenye ndoo. Ndoo zinakaa sebuleni, dirisha la upande wa kusini, mpaka Mei. Maji anaupa kidogo tu, maana ukiumwagilia kama wa nje mizizi inaoza. Shina hili alipewa mwaka 1983 na mwanamke mwenzake waliyewahi kuwa naye kambi ya wakimbizi. Hesabuni wenyewe limelala sebuleni baridi ngapi. Kila mwaka vipande vinavyozidi anawapa watu, na kuna nyumba za Walao kadhaa mjini hapa zinapikia mchaichai uliotoka kwenye shina hilihili.

Kuna jambo nililichelewa kulielewa. Mae hapigi jembe kwa nguvu. Analishusha polepole, na likigonga jiwe anasimama kabisa, anasikiliza. Nilidhani ni uzee. Mume wangu ndiye aliyenieleza. Mama yake alizaliwa mkoa wa Xieng Khouang, kulekule Laos. Kuanzia 1964 hadi 1973 ndege za Marekani ziliangusha Laos zaidi ya tani milioni 2 za mabomu, na mkoa ule ulikuwa miongoni mwa iliyopigwa zaidi. Mengi yalikuwa vibomu vidogo, ukubwa wa chungwa dogo. Wenyewe wanaviita bombi. Vingi havikulipuka, vikazama kwenye udongo, na mpaka leo mkulima wa huko akiinua jembe hajui chini kuna nini. Mae ameishi Minnesota zaidi ya miaka 40, udongo huu hauna bombi hata moja, lakini mikono yake bado inauliza kwanza.

Familia yao ilikimbilia karibu na Vientiane, mji mkuu. Desemba 1975 serikali mpya ikashika nchi. Mwaka 1978 yeye na marehemu baba mkwe wakavuka mto Mekong usiku, wakaingia Thailand, wakapelekwa kambi ya Nong Khai. Wenzangu wa Kigoma mliokua jirani na Nyarugusu, maisha ya kambi sina haja ya kuwasimulia. Walifika huku 1980, mwezi wa kumi, miti ikiwa imebaki vijiti. Mae anasema alidhani yote imekufa, akamuuliza mumewe, watu wa hapa wanakula nini?

Basi ndiyo tunalima.

Haya, niwaonyeshe na hili. Mnalijua? Dodoki! Sisi tunalisubiri likauke tuogee. Walao wanalila likiwa changa, linapikwa mchuzi na shibiti na mchaichai, ni laini, lina utamu fulani wa mbali. Mara ya kwanza kuwekewa sahani nilimpigia simu mama Tanga nikamwambia, mama, huku dodoki linaliwa. Akaniuliza, na sabuni je? Sasa hivi yeye mwenyewe anachuma machanga uani kwake anapika. Hizi nyeupe za mviringo ni ndugu wa ngogwe zetu. Hizi kunde ndefu tumemaliza, zilizobaki zimekaukia mtini kwa ajili ya mbegu. Pilipili tunatoa vikonyo, tunajaza mifuko, zinaingia friza. Rehani pia tunaichuma yote leo, maana mwaka wangu wa kwanza niliisahau nje usiku mmoja, asubuhi nikakuta imekuwa nyeusi, na Mae hakunisema neno, alinisaidia kuing'oa tu.

Ngojeni, niingie jikoni mara moja, kuna joto.

Mnasikia? Ni kinu. Huyo anayetwanga ni mwanangu, ana miaka 8, ametoka shule akavua koti akaenda moja kwa moja kwa bibi yake. Anamwita Nya, ndivyo wanavyomwita bibi mzaa baba. Anatwanga jeow. Nyanya za mwisho zimechomwa motoni mpaka ganda limekuwa jeusi, na pilipili, na kitunguu saumu kikiwa bado na maganda. Unamenya, unatwanga pilipili kwanza na chumvi, nyanya zinaingia mwisho ili zisiruke machoni. Kisha padaek kijiko kimoja. Padaek ni samaki wa mtoni waliovundikwa kwa chumvi na pumba za mchele miezi mingi. Harufu yake ni kali, ila aliyekulia kwenye ng'onda hatatishika.

Jeow inaliwa na wali wa kunata. Mchele unalowekwa usiku kucha, unapikwa kwa mvuke kwenye kikapu cha mianzi juu ya sufuria, halafu unawekwa kwenye hiki kikapu chenye mfuniko, tip khao. Unamega, unafinyanga tonge kwa vidole, unachovya. Mwanangu anakula wali huu kwa mkono uleule anaolia ugali, na hajawahi kuniuliza upi ni wa kwetu.

Huu uzi mweupe mkononi mwangu, kabla hamjauliza. Jumamosi binti wa wifi yangu alikuwa anaondoka kwenda chuo, tukamfanyia baci. Walao wanaamini mtu ana roho 32, na safari inaweza kuzitawanya, kwa hiyo wazee wanaziita zirudi, kisha kila mmoja anamfunga mwenzake uzi huku akimwombea. Unatakiwa ukae nao siku tatu angalau. Mimi wangu nimeuacha mpaka utakapokatika wenyewe, kwa sababu aliyenifunga ni Mae.

Tumerudi nje, giza linaingia. Kuna mboga ambazo bado zina wiki mbili za uhai tukizilinda, kwa hiyo tunazifunika kwa mashuka ya zamani. Shuka lazima lifike chini, mnaona, kwa sababu joto linatoka kwenye udongo, tunalizuia lisipae. Nailoni hatuweki, ikigusa jani inalipitishia baridi. Pale kwenye kona tumeandaa tuta la kitunguu saumu. Kinapandwa sasa hivi kabla ardhi haijawa jiwe, tunakitandikia majani ya huo mepo, kitalala chini ya theluji na tutakivuna Julai.

Hilo shuka la maua alilofunika pilipili lilikuwa la kitanda chetu tulipooana. Hili la bluu ni la baba mkwe.

Mae ananiita. Anasema, "Luk, mchai-chai bado ndoo moja iko nje." Mnaisikia hiyo sauti? Naenda kuibeba.