Kutoka kufunga mifumo mpaka kukaa na mteja kabla hajanunua

DADA: Haya karibuni, tupo Shangani hapa Mtwara, feni inazunguka kwahiyo mkisikia mvumo ndo hiyo. Leo nimemkalisha kaka'angu, manake miaka sita kawa konsaltanti, anafunga mifumo ya kompyuta ya watu, ghafla nasikia kahamia upande wa mauzo. Kaka, ulichoka?

KAKA: Sikuchoka dada, na wala siuzi, anayebeba tageti, yani lengo la mauzo, ni mwenzangu. Mimi ni injinia wa priseli, yani yule fundi anayekaa na mteja kabla hajasaini, nasikiliza shida yake, namwonesha demo, yani mfumo unavyofanya kazi, najibu maswali ya kiufundi kwenye zabuni, akitaka kujaribu kwanza ndo mimi namwekea hilo jaribio. Akishasaini mi natoka, wanaingia makonsaltanti.

DADA: Ulikuwa unakuja mwisho, sa hivi unatangulia.

KAKA: Ndo hapo nilipoumia mara ya kwanza. Tulienda chama kimoja cha msingi cha korosho, nimebeba slaidi 40, naanza na seva, sijui usalama wa data, karani mmoja mzee akaninyooshea mkono, "mwanangu, umeme ukikatika na gari la magunia lipo mlangoni, nafanyaje?" Nikamjibu hilo tutaliangalia kwenye utekelezaji. Hilo ni jibu la konsaltanti dada, mtu akishalipa atakuvumilia, ila huyu bado hajanunua. Hawakututafuta tena.

DADA: Ukabadilisha nini?

KAKA: Nikahamia kwenye mizani. Mteja aliyefuata nilienda siku mbili kabla ya demo, mwezi wa kumi msimu umeshafunguka, nikakaa na karani tu. Mkulima anashusha gunia, karani anasoma kilo, anaandika kwenye kauntabuku, halafu usiku anaanza upya kuziingiza zilezile kwenye kompyuta, 68 akiandika 86 asubuhi ni ugomvi. Na ujue toka stakabadhi ghalani ilivyoanza kwenye korosho huku 2007, yani mkulima anaacha mzigo ghalani anapewa karatasi ya kilo zake, ile karatasi ndo hela ya mkulima, na toka msimu wa 2024 minada inapita kwenye mfumo wa TMX, lile soko la bidhaa la kwenye mtandao, kwahiyo kilo ikikosewa pale mlangoni kosa linasafiri nayo mpaka mnadani. Demo yangu ikawa kitu kimoja tu, dakika 12, nikachomoa waya wa umeme mbele yao, nikaendelea kuingiza kilo kwenye simu, mtandao uliporudi zikapanda zenyewe kwenye mfumo. Slaidi sikufungua hata moja.

DADA: Eeh! Hapo hata mimi ningesaini. Na hela je?

KAKA: Mara nyingi inagawanywa, asilimia 70 mshahara, 30 inategemea mauzo ya timu, au 80 kwa 20, kwahiyo miezi mikavu ipo, weka akiba. Ila kitu kigumu sio hela. Kigumu ni muuzaji kutaka useme ndiyo kwa kila kitu. Mimi nilishawahi kulala ofisini kwa mteja kule Lindi siku tatu, natafuta namna ya kutengeneza kitu ambacho mtu mwingine aliahidi na kwenye mfumo hakimo, mteja ananiangalia mimi, sio aliyeahidi. Nikiulizwa leo kitu mfumo haufanyi nasema haufanyi, hata muuzaji anikanyage mguu chini ya meza.

DADA: Anakukanyaga kweli?

KAKA: Kweli kabisa, na tukitoka nje tunaongea. Sa hivi wateja wananipigia mimi kwanza, na muuzaji mwenyewe kaona faida yake.

DADA: Sasa kuna mtu yupo Masasi au Nachingwea anafunga mifumo na anatamani, aanzie wapi?

KAKA: Aombe kumsindikiza muuzaji kwa mteja mara moja tu, akae kimya, aandike maswali anayouliza mteja. Akirudi achague swali moja atengeneze demo ya dakika 10, amwoneshe mtu asiye wa kompyuta, anapopotea yule ndo pa kurekebisha. Mi namwonesha mama kule Mikindani. Kuna moja bado hajaielewa, naenda nayo tena Jumapili.