Kuwasha mosfeti upande wa chanya kutwa nzima, swichi ya kuchajia betri ya mashua

Haya wenzangu hamjambo, leo tuko hapa Lamu na tunaunda swichi ya kuchajia betri ya mashua kwa sola, betri ya volti 12, chaji mpaka ampia 10. Swichi inakaa upande wa chanya kwa sababu hasi ya mashua ishafungwa na injini.

Sikizeni hapa kwanza maana ndipo wengi wanapounguza vitu. Mosfeti ni swichi ya kielektroniki ya miguu mitatu, umeme unapita kati ya dreini na sosi, na geti ndiyo inayoiwasha. Mosfeti ya N (aina ambayo geti yake lazima iwe juu ya sosi ndipo iwake) ikiwaka sosi yake inapanda inakuwa sawa na betri, tuseme volti 13, na geti inataka kama 12 juu ya sosi, yaani 25 ukipima toka hasi, na hizo 25 mashuani hazipo. Watu wananunua draiva, yaani chipu ya kuwasha geti, kama IR2110 yenye kapasita ya butistrapu, ile inayoweka umeme wa kupandisha geti juu ya sosi, kwa inveta ni nzuri sana, lakini ile kapasita inajazwa pale tu sosi inaposhuka karibu na hasi na hapa sosi iko juu kutwa, basi inavuja kidogo kidogo, geti inalegea, mosfeti inafunguka nusu na inapika.

Kwa hivyo tunaipa geti umeme wake yenyewe. Chukua moduli ya B0512S, inaingia 5 inatoka 12, na upande wa kutoka haujaungana na wa kuingia. Ile 5 itoe kwa 7805, chipu ya kushusha volti mpaka 5, toka betri.

Sasa mosfeti, IRF3205 mbili, unga sosi kwa sosi na geti kwa geti, dreini moja iende paneli nyingine betri. Mbili kwa sababu moja peke yake ina daiodi ndani, yaani njia ya umeme ya upande mmoja, usiku hata ukiizima betri itarudisha umeme kwenye paneli. Na jamani, bati la mgongoni ni dreini, ukizifunga zote kwenye hitisinki moja bila maika (kijikaratasi cha kuzuia umeme) swichi haizimi kabisa!

Hasi ya kutoka ya moduli nenda nayo kwenye zile sosi, usiiguse hasi ya betri. Chanya yake pitisha PC817, kiswichi kinachowashwa na taa ndogo iliyo ndani yake, halafu rezista ya ohmu 100, halafu geti. Kati ya geti na sosi weka rezista ya 10k ya kuizima na zena ya volti 15 (daiodi ya kuzuia volti zisizidi hapo), na kwenye matokeo ya moduli weka rezista ya 1.5k maana bila mzigo volti zinapanda. Taa ya PC817 inawashwa na Arduino, kibao cha kompyuta ndogo, kwa rezista ya ohmu 330, mimi nakata chaji betri ikifika volti 14.4 narudisha ikishuka 13.2.

Pima geti na sosi, sio geti na hasi. Ukiona 11 au 12 iache iwake saa nzima upime tena, isipungue. Kwa ampia 10 zote mbili zinatoa joto la wati 1.6 tu, hitisinki ndogo inatosha. Fyuzi ya 15 karibu na betri, na ubao upake vanishi pande zote mbili, chumvi ya hapa inakula solda haraka.